JAMSETJEE JEJEEBHOY, YATIMA ALIYEACHIA UKOO WAKE JINA

Vyeo vya dunia vinapatikana kwa njia mbili. Kuna cheo cha kazi, na kuna cheo cha ukoo. Mwalimu na mganga wamepata vyeo vyao kwa kujifunza. Watoto wao wasipojifunza, hawatakuwa walimu wala waganga. Lakini mwana wa mwami anakuwa mwami kwa sababu baba yake alikuwa mwami. Hicho ndicho cheo cha kurithi.

Leo tutasoma habari za mtu mmoja wa inchi ya India, jina lake Jamsetjee Jejeebhoy. Hakuzaliwa katika ukoo wa wafalme. Alizaliwa maskini, akawa yatima, akauza chupa. Lakini alipokufa, mwanawe mkubwa alirithi cheo ambacho hakuna Mhindi mwingine aliyekuwa nacho. Tena mwana huyo hakurithi cheo tu: alipashwa kuacha jina lake mwenyewe na kuitwa kwa jina la baba yake. Tutaona jambo hilo lilitokea namna gani. Tena tutajiuliza kama jina jema linaweza kurithiwa kama vile mtu anavyorithi nyumba au shamba.

1. Waparsi

Jamsetjee alikuwa wa kabila la Waparsi. Zamani sana wazee wa Waparsi walikaa Uajemi. Walishika dini ya mtu mmoja aliyeitwa Zarathustra, na Mungu wao wanamwita Ahura Mazda. Katika nyumba zao za sala moto unawaka usiku na mchana, wala hauzimwi. Kwao moto ni alama ya nuru na ya usafi.

Waislamu walipokwisha kuishinda inchi ya Uajemi, wengine katika watu hao hawakutaka kuacha dini ya wazee wao. Wakaingia katika merikebu, wakavuka bahari, wakafika India katika jimbo la Gujarat. Sasa imepita miaka zaidi ya 1,000. Watu wa pale wakawapokea. Waparsi wakajifunza luga ya wenyeji, wakalima, wakafuma nguo, wakafanya biashara. Hawakuwa wengi hata siku moja. Watu wa India walipohesabiwa mwaka wa 2011, Waparsi walikuwa 57,264 tu katika inchi ile kubwa.

Waingereza walipojenga mji wa bandari kwenye visiwa vya Bombay, Waparsi wengi walihamia huko kutafuta kazi. Wengine walikuwa maseremala wa merikebu, wengine wachuuzi. Mji huo sasa ni mkubwa sana, na tangu 1995 unaitwa Mumbai.

2. Yatima na chupa

Jamsetjee alizaliwa mwaka wa 1783. Wazazi wake walikuwa watu wema lakini maskini. Alipokuwa hajatimiza miaka 17, baba yake na mama yake walikuwa wamekwisha kufa wote wawili. Hakuachiwa shamba, wala feza, wala masomo mengi. Alijua kusoma na kuandika Kigujarati, na hesabu kidogo.

Lakini mtoto wa India, sawasawa na mtoto wa kwetu, akifiwa na wazazi bado ana ndugu. Mjomba wake aliyeitwa Framjee alikuwa Bombay, naye akampokea nyumbani mwake. Framjee alikuwa na biashara ndogo: alikusanya chupa tupu, akaziuza tena. Pengine ninyi mtacheka mkisikia biashara ya namna hiyo. Msicheke. Siku zile chupa nzuri zilitoka Ulaya kwa merikebu, hazikuwa nyingi, na kila mwenye mafuta au dawa au divai alizitafuta. Kwa sababu ya kazi hiyo watu wakampa mjomba jina la Battliwala, maana yake mtu wa chupa.

Katika duka la mjomba Jamsetjee alijifunza mambo matatu: kuandika hesabu bila kukosa, kusema Kiingereza cha kutosha kwa biashara, na kutozarau kazi ndogo. Halafu, mwaka wa 1803, akamwoa Avabai, binti wa mjomba huyo. Desturi za Waparsi zinaruhusu ndoa ya namna hiyo. Tutamwona tena Avabai, maana yeye naye aliacha jina lake katika mji wa Bombay.

3. Safari za China

Wakati ule wafanyabiashara wa Bombay walitazama sana upande wa mashariki, kwa Wachina. Kutoka India walipeleka pamba. Kutoka China walileta majani ya chai, hariri na vyombo vizuri vya udongo. Safari ilikuwa ya hatari. Merikebu zilikuwa za matanga, zikingoja upepo wa majira yake. Mtu aliondoka akiwaaga watu wake, na miezi mingi ikapita kabla hawajapata habari zake.

Jamsetjee alipokuwa na miaka 16 hivi alikwenda kwanza mpaka mji wa Calcutta, halafu akapanda merikebu ya China. Alirudi na faida ndogo. Akaenda tena. Kwa jumla alifanya safari 5 za China, na kila mara yeye mwenyewe alichunga vitu vyake njiani.

Siku zile Waingereza na Wafaransa walikuwa wakipigana vita, hata baharini. Katika mwezi wa Februari 1804, Jamsetjee alikuwa katika merikebu za Kompani ya Waingereza zilizotoka China, na merikebu za vita za Wafaransa zikazishambulia. Hizo za Kompani zilikuwa za biashara tu, lakini mkubwa wao aliziamuru kujipanga kama za vita. Wafaransa wakaogopa, wakaondoka. Jamsetjee akaokoka.

Mara nyingine hakuokoka. Mwaka wa 1805 alisafiri katika merikebu iliyoitwa Brunswick. Karibu na kisiwa cha Ceylon, ambacho leo kinaitwa Sri Lanka, Wafaransa waliikamata. Wakachukua vitu vyote, na watu wakapelekwa mbali sana, mpaka mwisho wa kusini wa Afrika yetu, kwenye Rasi ya Tumaini Jema. Waholandi ndio waliotawala pale. Huko Jamsetjee alishuka, mikono mitupu. Mali yote aliyoikusanya kwa safari tatu za kwanza ilikuwa imepotea. Hakuwa na feza ya kula, wala ya kurudi kwao.

Mtu mwingine angalikata tamaa. Jamsetjee alitafuta njia. Baada ya kungoja na kuteseka sana alipata nafasi katika merikebu ya Wadenmark iliyokwenda Calcutta, na toka pale akarudi kwake Bombay. Halafu alifanya nini? Akakopa feza, akanunua pamba, akapanda merikebu ya China mara ya tano! Safari hiyo ilimletea faida kuliko zote zilizotangulia.

Tena msiba ule ulimpa kitu kimoja ambacho Wafaransa hawakuweza kukichukua. Katika merikebu ya Brunswick alikuwamo kijana mmoja Mskoti, mganga wa merikebu, jina lake William Jardine. Wale wawili walitekwa pamoja, wakawa rafiki. Baadaye Jardine aliacha uganga, akawa mfanyabiashara mkubwa katika China, na Jamsetjee alikuwa mwenzake wa biashara kwa miaka mingi.

4. Tajiri wa Bombay

Baada ya safari ya tano Jamsetjee hakusafiri tena. Alikaa Bombay, akaongoza biashara yake toka huko. Mwaka wa 1814 alinunua merikebu yake ya kwanza, iliyoitwa Good Success, na baadaye akawa na nyingine.

Watu walishangaa walipowaona wenzake wa biashara. Yeye alikuwa Mparsi. Motichund Amichund alikuwa wa dini ya Wajaini, watu wasioua hata mdudu. Mahomed Ali Rogay alikuwa Mwislamu. Rogério de Faria alikuwa Mkristo Mkatoliki wa Goa, pale alipozikwa Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Watu wanne, dini nne. Wakati ule katika India watu wa dini mbalimbali hawakula pamoja, wala hawakuoana. Lakini wale wanne waliaminiana katika mambo ya feza, na ninyi mnajua kwamba kuaminiana kwa feza si jambo jepesi.

Utajiri wake ukaongezeka mwaka kwa mwaka. Mwaka wa 1836 biashara ilikuwa kubwa hata wanawe watatu, pamoja na ndugu wengine, wote walipata kazi ndani yake. Yatima wa chupa alikuwa mmoja wa matajiri wa kwanza wa India.

5. Afyuni

Hapa, watoto, tunapashwa kusema neno zito, kwa sababu anayeandika maisha ya mtu hapashwi kuandika mazuri tu.

Jamsetjee na wenzake hawakupeleka China pamba tu. Walipeleka vilevile afyuni, ambayo wengine wanaiita kasumba. Afyuni ni utomvu wa mmea mmoja wenye maua mazuri. Mganga akiitumia kidogo, inatuliza maumivu. Lakini mtu akiivuta kwa kiko siku kwa siku, inamfunga. Hawezi kuiacha. Anakonda, anaacha kazi, anauza shamba na vyombo vya nyumba apate kuinunua.

Mfalme wa China alikataza kuiingiza afyuni katika inchi yake. Lakini sheria za Waingereza katika India ziliruhusu kuilima na kuiuza, na Kompani yao yenyewe ilipata faida kubwa kwa kazi hiyo. Basi wafanyabiashara wa Ulaya na wa India waliendelea kuipeleka kwa siri, na William Jardine alikuwa mmoja wa wakubwa wao. Mwaka wa 1839 mfalme alimtuma mkubwa mmoja, jina lake Lin Zexu, kwenda kukomesha biashara hiyo. Akakamata makasha zaidi ya 20,000 ya afyuni, akaiharibu yote pwani kwa maji, chumvi na chokaa. Waingereza wakakasirika, wakaleta merikebu za vita, wakawapiga Wachina mpaka 1842. Hiyo inaitwa Vita ya Afyuni. Wachina walishindwa, wakalazimishwa kutoa kisiwa cha Hong Kong na kulipa feza nyingi.

Basi katika mali ya Jamsetjee kulikuwa na feza ya pamba na ya merikebu, na ndani yake kulikuwa pia machozi ya nyumba za Wachina. Siku zile wafanyabiashara wengi hawakuona haya kwa jambo hilo, kwa sababu sheria ya watawala wao haikulikataza. Lakini sheria ya watu ikiruhusu jambo baya, jambo hilo haligeuki kuwa jema.

6. Mali inayotoka mkononi

Matajiri wengi wanakumbuka njaa waliyoiona utotoni, na kwa hofu ya njaa wanafunga mkono. Jamsetjee aliikumbuka, akafungua mkono.

Mwaka wa 1822, mbele ya kuitwa mtu mkubwa, alikwenda kwenye gereza la Bombay walikofungwa watu wenye madeni. Wengi wao walikuwa maskini, nao wakiwa kifungoni hawakuweza kufanya kazi ya kupata feza ya kulipa. Jamsetjee akalipa madeni ya maskini wale, wakafunguliwa, wakarudi kwa wake zao na watoto wao.

Mwaka wa 1834, pamoja na rafiki zake wa biashara, alisaidia kufungua boma la kutunzia wanyama wazee na wagonjwa: ng'ombe wasioweza tena kuvuta gari, na mbwa wasio na bwana.

Lakini kazi yake kubwa kupita zote ni hospitali. Bombay ulikuwa mji wa magonjwa. Maskini wakiugua walilala njiani. Jamsetjee akaambia serikali kwamba atatoa rupia 100,000, kama Kompani nayo itatoa sawasawa. Wakapatana, naye baadaye akaongeza. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 3 Januari 1843, na mwaka wa 1845 wagonjwa wa kwanza wakaingia. Karibu yake kukajengwa shule ya waganga, ambapo vijana wa India walijifunza uganga wa kisasa. Hospitali ile ilikuwa kwa watu wa kila kabila na kila dini. Hakuna aliyeulizwa anasali namna gani kabla ya kutibiwa.

Avabai mke wake naye alitenda neno kubwa. Kati ya kisiwa cha Mahim na Bandra kulikuwa na mkono wa bahari wenye matope. Huko Bandra Wakatoliki wengi walikaa, na kanisa la Bikira Maria lilikuwa juu ya kilima, kama lilivyo hata leo. Watu walivuka kwa mashua, na wakati wa mvua kubwa mashua zilipinduka, watu wakafa maji. Serikali haikutaka kutoa garama za kujenga njia. Basi Avabai akatoa feza yake mwenyewe, rupia zaidi ya 150,000, ili njia ya mawe ijengwe kupita juu ya maji. Akaweka sharti moja tu: asitozwe mtu hata kidogo kwa kupita. Njia ilifunguliwa 1845. Mchukuzi wa samaki aliipita bure, na mwenye gari la farasi aliipita bure.

Tena Jamsetjee alitoa feza kwa kuletea mji wa Poona maji. Mwaka wa 1849 aliweka mali kwa ajili ya shule za watoto maskini wa Waparsi, wavulana na wasichana, naye alijua vizuri yatima anahitaji nini. Alitoa rupia 100,000 kwa shule ya sanaa na kazi za mikono, ambayo ilifunguliwa Bombay mwaka wa 1857. Visima, madaraja na nyumba za wageni ni nyingi. Watu walipohesabu sadaka zake zilizojulikana, zilifika zaidi ya pauni 230,000 za Uingereza, na katika siku zile hizo zilikuwa feza za ajabu.

7. Cheo

Habari zake zikafika Ulaya. Mwaka wa 1842 Malkia Victoria wa Uingereza alimpa cheo cha heshima, akaitwa Sir Jamsetjee. Mbele yake hakuna Mhindi aliyepewa cheo hicho. Angalieni mwaka: ni 1842, mwaka uleule Wachina waliposhindwa katika Vita ya Afyuni. Mwenye cheo cha namna hiyo anakuwa nacho mpaka kufa, hakuna anayekirithi.

Halafu, mwaka wa 1857, malkia akampa cheo kikubwa zaidi, kinachoitwa baroneti. Baroneti ni mdogo kwa baroni, lakini cheo chake ni cha ukoo: baba akifa, mwana wa kwanza anakirithi, na baada yake mjukuu. Hapo tena Jamsetjee alikuwa Mhindi wa kwanza. Mwaka ule wa 1857 askari wengi wa India waliwaasi Waingereza, na damu nyingi ikamwagika. Waingereza walitaka sana matajiri wa India wakae upande wao. Basi cheo kile kilikuwa shukrani kwa wema wa mtu, lakini vilevile kilikuwa kamba ya watawala ya kuwafungia watu wakubwa kwao.

Ikaonekana shida moja. Katika Ulaya ukoo una jina moja ambalo wote wanaitwa, baba na mwana na mjukuu. Kwa Waparsi wa siku zile haikuwa hivyo. Mara nyingi mtoto alipewa jina lake, na jina la baba likafuata nyuma. Baada ya vizazi viwili, nani angejua kwamba mwenye cheo ni mjukuu wa Jamsetjee? Kwa hiyo sheria ya pekee ilitungwa India mwaka wa 1860. Ilisema kwamba kila atakayerithi cheo kile atapashwa kuacha jina lake la kuzaliwa na kuitwa Jamsetjee Jejeebhoy. Tena mali iliwekwa pamoja na cheo, feza na nyumba kubwa ya Mazagaon, isipate kugawanyika, mwenye cheo asije akawa na jina kubwa na mfuko mtupu.

Watoto wa Katanga wataelewa upesi. Kila anayekaa katika kiti cha Mwata Yamvo, yeye naye anaitwa Mwata Yamvo. Mtu anakufa, jina halifi.

Sir Jamsetjee mwenyewe hakuiona sheria hiyo. Alikufa tarehe 14 Aprili 1859, mwenye miaka 75.

8. Waliokuja nyuma

Mwanawe mkubwa aliitwa Cursetjee. Akaacha jina hilo, akawa Sir Jamsetjee Jejeebhoy wa pili. Alikufa 1877. Mwanawe Menekjee akawa wa tatu, akafa 1898. Baada yake ndugu yake Cowasjee akaacha jina lake, akawa wa nne, akafa 1908. Halafu Rustomjee akawa wa tano, akafa 1931. Hivyo jina moja lilipita toka kichwa mpaka kichwa kama kofia ya mfalme.

Hao nao hawakukaa bure. Wa pili na wa tatu walisoma shule nzuri, wakawa washauri katika mabaraza ya serikali, wakaendelea kusaidia maskini. Waparsi waliwahesabu kuwa wakubwa wao. Mwaka wa 1890 Mparsi mwingine, Dinshaw Petit, mwenye viwanda vya kufuma pamba, akapewa naye cheo cha baroneti.

Mwaka wa 1947 India ilipata uhuru. Katiba yake ya 1950 ilisema kwamba serikali haitatoa tena vyeo vya namna hiyo, kwa sababu wenyeji wote ni sawasawa mbele ya sheria. Uingereza haikukifuta cheo cha Jejeebhoy. Ukoo ukaendelea kukirithi. Lakini katika India huru cheo hakikuwa tena na nguvu kama zamani.

Je, jina lilipotea? Halikupotea. Leo mgonjwa maskini wa Mumbai akitafuta dawa, anakwenda hospitali ya J.J., maana yake Jamsetjee Jejeebhoy. Shule ya sanaa nayo inaitwa J.J. Mtu anayetoka Mahim kwenda Bandra anapita mahali pa njia ya Avabai. Wengi wao hawajui baroneti ni nini. Jina wanalijua.

9. Fundisho

Watoto, tufikiri vizuri juu ya maisha haya, tusiyageuze kuwa ya mtakatifu, wala tusiyatupe.

Kwanza, yatima aliyenyang'anywa kila kitu kwenye Rasi ya Tumaini Jema hakukaa chini kulia mpaka mwisho. Alisimama. Umaskini na msiba si mwisho wa mtu.

Pili, hospitali yake ni kazi njema kweli, na afyuni yake ilikuwa biashara mbaya kweli. Mgonjwa aliyepona Bombay hafuti mateso ya mvutaji aliyeangamia Canton. Sadaka haigeuzi feza mbaya kuwa safi. Anayetaka kumpendeza Mungu aangalie namna anavyopata, si namna anavyotoa tu.

Tatu, malkia aliweza kutoa cheo, na sheria iliweza kumpa mjukuu jina la babu. Lakini hakuna malkia wala sheria inayoweza kumpa mtu wema wa babu yake. Cursetjee alipoitwa Jamsetjee, mikono yake ilibaki mikono ya Cursetjee. Alipashwa kuifungua yeye mwenyewe. Na ninyi mmepewa majina: ya wazee wenu, tena ya watakatifu siku ya ubatizo. Jina mmelirithi bila kazi. Kulistahili ni kazi ya kila siku.

Maulizo

1. Waparsi walitoka inchi gani, na kwa sababu gani?
2. Jamsetjee alijifunza mambo gani katika duka la mjomba wake?
3. Kitu gani kilimpata mwaka wa 1805? Alifika mahali gani pa Afrika?
4. Wenzake wa biashara walikuwa wa dini gani?
5. Afyuni ni nini? Inamfanyia mtu mabaya gani?
6. Avabai aliweka sharti gani alipotoa feza ya kujenga njia?
7. Sheria ya 1860 ilimlazimisha mrithi kufanya nini?
8. Eleza kwa maneno yako: kitu gani kinaweza kurithiwa, na kitu gani hakiwezi?